Jina la Marehemu na Hati ya Mwenyewe

Soko la Ngagara ya pili, ambalo wakazi wengi wa Mutakura mjini Bujumbura hulitegemea kwa unga, nguo na vyombo, halijulikani sana kwa jina lake la serikali. Mwenye kukodi teksi humwambia dereva ampeleke COTEBU, na dereva huenda bila kuuliza swali la pili. COTEBU kilikuwa ni kiwanda cha nguo cha jirani, Complexe Textile de Bujumbura, ambacho zamani kilikuwa fahari ya taifa, kikazorota, kikafunga milango, na baadaye kikashikwa na kampuni nyingine iitwayo Afritextile, iliyokuja na jina lake na vibao vyake. Kiwanda kilipokufa jina lilihamia sokoni, na huko linaishi mpaka leo bila mshahara wala mlinzi, vinywani mwa wauza nyanya na makondakta ambao wengine wao hawajapata kuuona uzi mmoja uliofumwa na kiwanda hicho.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu nataka kusema na vijana wa mitaa yetu ya kaskazini, wale waliofungua vibanda vya kutengeneza kompyuta, vya kupiga chapa na kutoa kopi, na wale wachache wenye hima kubwa zaidi ya moyo, wanaofikiri kuagiza kompyuta mpakato kutoka Uchina zisizo na jina juu ya kifuniko, kisha wao wenyewe wazibandike jina. Aghalabu fikira inayowajia ni ya namna moja: kwa nini nihangaike kulikuza jina changa lisilojulikana na mtu, hali yako majina makongwe yenye sifa njema, ambayo wenyewe wamekwisha kuondoka sokoni? Hesabu hiyo si ya kijinga. Wafanyabiashara wakubwa wa Ulaya na Marekani wameifanya, na baadhi yao wamechuma. Lakini waliochuma ni wale walioijua hati kabla ya kulijua jina. Neno langu kwa vijana hawa ni hili: kampuni inaweza kufa na jina lake lisife, na jina lisiloonekana dukani si jina lisilo na mwenyewe.

Watu wa mji huu hawahitaji kufunzwa habari ya haki mbili juu ya kitu kimoja. Wengi waliokimbia nchi mwaka 1972, waliporejea kutoka Tanzania baada ya miaka mingi, walikuta mashamba yao yamekaliwa na watu ambao nao walikuwa na karatasi zenye muhuri, na Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile iliyojulikana kwa herufi CNTB, ililetewa mashauri ya namna hiyo kwa maelfu. Jina la biashara lina tabia ya parseli: kuwa tupu si kuwa huru, na nyasi zilizoota juu yake hazimwambii mpita njia kama mwenyewe amekufa, amesafiri, au yuko mjini anangojea bei ipande. Hakuna mtu wa Mutakura mwenye akili timamu anayenunua parseli kwa kuiona tu ina majani marefu. Ataka kuona hati, atawauliza majirani, atamtafuta aliyemwuzia yule anayemwuzia yeye. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akija kuchagua jina la duka lake, humwita mchoraji wa vibao siku ya kwanza.

Tuchukue mfano wa jina la kompyuta lililogombewa kuliko yote. Jack Tramiel, Myahudi mzaliwa wa Łódź katika Poland aliyeponea katika kambi ya Auschwitz, alianza na mashini za kupiga chapa huko Toronto, na kampuni yake ikaitwa Commodore. Mwaka 1982 kampuni hiyo ilitoa kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64, kwa bei ya dola 595, nayo ikaja kuuzwa kwa wingi ambao wakadiriaji huuweka baina ya milioni 12 na milioni 17. Tramiel mwenyewe aliondoka mwaka 1984 baada ya mfarakano, akainunua sehemu ya mpinzani wake Atari. Na Commodore, mwaka huo huo, ikainunua kampuni changa yenye jina la Amiga. Miaka 10 haikupita sana kabla Commodore haijawa muflisi: tarehe 29 Aprili 1994 ilitangaza kwamba inafungwa, na kwa kuwa ilikuwa imeandikishwa katika visiwa vya Bahamas, mirathi yake ikasimamiwa huko.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa kuwa wengi hudhani kwamba siku ile jina lilibaki yatima. Halikubaki yatima hata kwa mwaka. Mwaka 1995 Escom ya Ujerumani ilinunua mali yote. Mwaka 1996 Escom nayo ikafilisika. Na mwaka 1997 urithi ukagawanywa, jina la Commodore likaenda kwa Tulip ya Uholanzi, na jina la Amiga pamoja na hati za uvumbuzi likaenda kwa Gateway 2000 ya Marekani, ambayo, kwa maoni ya wengi waliofuatilia habari hizo, ilizitamani zaidi zile hati za uvumbuzi kuliko jina. Mwisho wa mwaka 2004 Tulip ilitangaza kuliuza jina la Commodore kwa Yeahronimo Media Ventures kwa kiasi cha yuro milioni 22, na hapo hapakuwa na kiwanda kilichouzwa, wala wafanyakazi, wala bohari ya bidhaa. Ilikuwa ni herufi tisa na alama ya C yenye bendera mbili ndogo kinywani. Likaendelea kupita mikononi mwa kampuni hii na ile, baadhi zikiwa na milki na baadhi zikiwa na ruhusa tu ya kulitumia, hata mwaka 2013 mahakama ya shirikisho ya New York ikabidi iamue baina ya C= Holdings na Asiarim ni nani mwenye jina, ikampa haki C= Holdings. Kabla ya hapo kampuni moja ya Florida, Commodore USA, ilikuwa imepata ruhusa na kutoa kompyuta zenye umbo la ile ya mwaka 1982, ikanyamaza baada ya mwanzilishi wake kufariki mwaka 2012. Na mwaka 2015 kampuni nyingine tena, iliyoandikishwa London na kuendeshwa na Wataliani, ikatoa simu ya mkononi yenye jina hilo hilo. Mwaka 2025 mtengenezaji wa video za kompyuta kongwe, Christian Simpson, alitangaza kuinunua kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikizishika alama hizo, nazo zilikuwa 47, na baada ya muda mfupi akaanza kupokea maagizo ya Commodore 64 mpya.

Alama 47 kwa jina moja! Msomaji asiipite hesabu hii kwa haraka. Maana yake ni kwamba jina haliandikishwi mara moja kwa dunia nzima na kwa vitu vyote, bali huandikishwa nchi kwa nchi na tabaka kwa tabaka, na kila andiko ni milki ya peke yake yenye tarehe yake ya kuzaliwa na tarehe yake ya kufa. Akija mtu kukuuzia jina kongwe, au kukupa ruhusa ya kulitumia, usimwulize kama ni lake. Atakuapia kuwa ni lake. Mwulize ni andiko namba ngapi, la nchi gani, kwa bidhaa zipi, linakwisha lini, na yeye alilipata kwa nani. Kisha umwulize na huyo wa kabla yake alilipata kwa nani, mpaka mnyororo umfikie mtu wa kwanza. Pete moja ikikosekana katika mnyororo huo, fedha zako zitapotelea katika tundu hilo.

Habari ya Amiga inatoa funzo jingine, nalo ni la mikataba. Gateway ililiachia jina hilo mwishoni mwa mwaka 1999 kwa kampuni ndogo iliyojiita Amiga Inc., na mwaka 2001 kampuni hiyo ikaandikiana mkataba na Hyperion ya Ubelgiji, pamoja na Eyetech ya Uingereza, ili Hyperion iandike programu endeshi mpya. Katika mkataba huo kulikuwa na kipengele kwamba Amiga Inc. ingeweza kuichukua kazi ile kwa kulipa dola 25,000. Baadaye mali za Amiga Inc. zilihamishiwa kampuni nyingine, KMOS, ambayo ilibadili jina lake ikaitwa Amiga Inc. pia, na walipofikishana mbele ya mahakama ya shirikisho huko Seattle mwaka 2007, miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kama fedha zile zililipwa kwa wakati wake, na kama Amiga Inc. iliyosimama kortini ilikuwa ndiyo Amiga Inc. iliyotia saini. Waliafikiana mwaka 2009, na Hyperion ikapewa haki ya peke yake ya kuendeleza programu ile. Lakini miaka michache baadaye daawa nyingine ikaanza baina ya Hyperion na Cloanto juu ya urithi ule ule. Kwa hakika sijui soko dogo zaidi lililolisha mawakili wengi zaidi.

Kwa hiyo, ewe unayeingia ubia juu ya jina, usiridhike na karatasi isemayo kwamba fulani anaruhusiwa kulitumia jina fulani. Karatasi na iseme ni nani hasa anayeruhusu, kwa namba yake ya andiko la biashara na si kwa jina tu, maana jina huweza kubadilishwa. Iseme itakuwaje endapo mwenye jina atafilisika au atauza milki yake. Iseme nani atamiliki kitu kipya kitakachoundwa chini ya jina hilo. Na iseme ruhusa itakoma kwa sababu zipi. Hili la mwisho liliwafika watu wa Uingereza kwa machungu. Clive Sinclair, mwenye kompyuta za ZX Spectrum, aliuza jina na kazi zake za kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986 kwa pauni milioni 5. Amstrad ikanunuliwa na kampuni ya televisheni ya Sky mwaka 2007. Na kwa njia hiyo jina la kompyuta za wavulana wa miaka ya 1980 likawa mali ya wauza televisheni. Kampuni moja ndogo, Retro Computers, ilipata ruhusa, na mwaka 2016 ikakusanya kwa wapenzi wa Spectrum zaidi ya pauni 500,000 ili itengeneze chombo cha mkononi kiitwacho Vega+. Chombo kikachelewa, wachangiaji wakalalamika, na mwaka 2018 Sky ikaondoa ruhusa yake. Mwaka uliofuata kampuni ikafungwa. Mwenye kupanga jina huweza kufukuzwa, na akifukuzwa hubaki na bidhaa asizoweza kuziita kitu.

Naona msomaji wa Mutakura ataniambia kwamba hapa kwetu hakuna anayeililia Commodore wala Spectrum, na ni kweli, kwa kuwa walioziona ni wachache mno. Majina yanayowavuta watu wa hapa ni mengine. Ingia kibanda chochote cha fundi, utaona chini ya meza rundo la vifuniko: Compaq Presario iliyovunjika bawaba, Toshiba Satellite ambayo herufi zake za fedha zimechubuka zikabaki T na S, na labda Packard Bell iliyokuja na kontena la mtumba kutoka Ubelgiji. Fundi huvipenda vifuniko hivi, kwa sababu mteja mwenye umri humwambia, "Zile Compaq za zamani zilikuwa chuma." Hapo ndipo tamaa inapoingia.

Basi na tuyatazame hayo. Compaq ilinunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2002, na baada ya miaka kama kumi na moja jina likaondolewa katika soko la Marekani. Lakini HP haikulitupa, maana imeruhusu litumike na wengine, huko Argentina na baadaye huko India, likaonekana tena juu ya kompyuta na televisheni. Toshiba ilitoka katika biashara ya kompyuta za mpakato kwa kuiuzia Sharp sehemu kubwa mwaka 2018, na tangu mwaka 2019 kompyuta hizo huitwa Dynabook. Lakini Toshiba yenyewe ni hai, na jina lake ni lake. Packard Bell iko chini ya Acer. Hata Nokia, ambayo watu waliizika kwa vigelegele, simu zake zilirejea mwaka 2017 kwa mkono wa HMD Global ya Finland, iliyokuwa na ruhusa iliyoandikwa. Kati ya majina haya yote yanayoitwa marehemu, sioni hata moja lisilo na wasii.

Haya ni ya dunia. Sheria ya nyumbani inasemaje? Burundi imo katika Mkataba wa Paris wa mali ya kiviwanda tangu mwaka 1977, na mkataba huo unazitaka nchi zake zizilinde alama mashuhuri hata pale ambapo mwenye alama hajaiandikisha katika nchi inayohusika. Kwa hiyo kusema, "Nimetafuta Bujumbura sikuliona," ni hoja, lakini si hoja ya kutosha. Sheria namba 1/13 ya tarehe 28 Julai 2009 ndiyo inayosimamia alama za biashara, na andiko lake hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Maombi hupelekwa katika idara ya mali ya kiviwanda ya wizara yenye kusimamia biashara. Na hapa pana kosa ambalo nimelikuta kwa watu wengi wenye elimu: mtu hupita kwenye dirisha moja la Wakala wa Maendeleo wa Burundi, ADB, akapata andiko lake la biashara na namba yake ya kodi, akadhani ya kuwa jina limekuwa lake. Andiko lile linamjulisha mfanyabiashara kwa serikali. Halimpi milki ya alama. Wawili wanaweza kuwa na vyeti safi vya biashara na mmoja wao akawa anavunja haki ya mwenziwe.

Mwenye kuuza bidhaa zake ng'ambo ya mipaka na ajue pia kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, haina daftari moja la alama. Tanzania Bara ina daftari lake, Zanzibar ina lake, Kenya lake, Uganda lake, na Kongo lake. Muda wa kuliacha jina bila kulitumia, ambao ukipita mtu mwingine aweza kuomba lifutwe, nao hutofautiana: Tanzania Bara ni miaka 3, Kenya ni miaka 5, kama ilivyo katika Umoja wa Ulaya. Na kufutwa si jambo lijalo lenyewe kama kuoza kwa embe. Ni lazima mtu aombe, atoe hoja, na mwenye jina apewe nafasi ya kujibu, naye akionyesha ankara chache za mauzo ya kweli, pengine ombi likaanguka. Kwa hiyo ukiwa na yakini kwamba jina limeachwa, usianze kwa kulitumia. Anza kwa kuomba lifutwe, kwa wakili, huku ukikusanya ushahidi wa kutotumika kwake. Atanguliaye kulitumia kisha ndipo aombe huwa amejifanya mshitakiwa katika daawa yake mwenyewe.

Wala sitaki kuwatia watu hofu isiyo na maana. Kutaja jina la mtu si kujiita kwa jina hilo. Fundi anayeandika ukutani, kwa herufi za kawaida, "Hapa tunatengeneza Toshiba, HP na Dell", anasema kweli juu ya kazi yake. Lakini akilichora jina lile kwa rangi yake na umbo lake, kubwa kuliko jina lake mwenyewe, na chini yake akaongeza neno "Center", amewahadaa wapita njia wadhani ya kwamba ni wakala. Vivyo hivyo mwenye kuuza kompyuta kongwe ya mtumba aweza kuiuza kwa jina lake la asili, bora asibandike kifuniko cha Compaq juu ya kiwiliwili cha kompyuta nyingine; hilo limetoka katika mzozo wa alama na kuingia katika udanganyifu, na mteja mwenyewe ndiye wa kwanza kudhulumiwa.

Kuna na hili la matabaka, ambalo wengi hulisahau. Alama huandikishwa kwa matabaka yaliyopangwa kimataifa: kompyuta zenyewe zimo katika tabaka la 9, uuzaji wa duka katika la 35, matengenezo katika la 37, na kazi za kuandika programu katika la 42. Jina lililo huru kwa viatu laweza kuwa limefungwa kwa kompyuta, na jina mashuhuri huweza kuyafunga yote. Mwenye kibanda cha matengenezo asitosheke kutazama tabaka moja.

Na ushauri wangu wa ukweli, baada ya haya yote, ni kwamba mwenye mtaji mdogo aliache jina la marehemu wa watu na aliandikishe la kwake. Gharama ya kulichunguza jina kongwe kwa ukamilifu hushinda gharama ya kuandikisha jina jipya, na sifa ya fundi wa Mutakura haitoki Toronto. Hutoka kwa mwalimu aliyerudishiwa kompyuta yake na mitihani yote ikiwa ndani. Atwae jina fupi, lisilotaja bidhaa wala mtaa, aliandikishe mapema, na aweke kila risiti yenye jina hilo katika faili moja, maana siku ya mzozo risiti ya kwanza ndiyo itakayoulizwa.

Ikiwa umekwisha kulitumia jina la watu na barua ya wakili imekufikia, usiichane na usiijibu kwa hasira. Itazame tarehe na muda uliopewa, kisha umpelekee wakili wako siku hiyo hiyo au ya pili. Usiongeze bidhaa mpya zenye jina hilo, na usizifiche za zamani, kwa sababu kuficha huonekana kuwa kukiri. Aghalabu mwenye jina hataki fedha zako, ambazo anajua ni chache. Anataka jina litoke. Hapo una nafasi ya kupatana: omba miezi ya kutosha ya kumaliza bidhaa zilizomo dukani na kubadili kibao, mhuri na karatasi za risiti, omba asikudai cha nyuma, na uhakikishe maneno hayo mawili yameandikwa katika mapatano kabla hujatia saini.